Kelele na hitilafu za amplifaya ya gitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa karibu kila wiki na wapigaji gitaa, mara nyingi amplifaya ikiwa tayari mezani na mwenyewe akiwa na shoo jioni hiyo hiyo. Neno «valvu» humu lina maana ya zile chupa za kioo ambazo wengine huziita tyubu. Amplifaya zisizo na chupa hizo nitaziita za transista.

## Kabla ya kushika bisibisi

1. Amplifaya yangu inatoa kelele. Nianzie wapi?

Anzia mbali nayo. Chomoa gitaa, chomoa pedali zote, amplifaya ibaki na waya wake wa umeme tu. Iwashe, weka sauti pale unapoiweka siku zote, usikilize. Kelele ikiwa imekwisha, amplifaya yako haina kosa. Mkosaji ni gitaa, kebo, pedali au chumba chenyewe.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Wanachomoa gitaa lakini wanaacha kebo imechomekwa kwenye amplifaya, ncha yake ya pili ikining'inia. Kebo isiyo na kitu mwishoni ni antena, lazima ivume. Ukiichomoa kabisa, jeki ya amplifaya (tundu la kuchomekea kebo) ina kijiswichi ndani kinachofunga mlango, na hapo ndipo unaposikia sauti ya amplifaya yenyewe.

Kelele ikibaki, shusha kifundo cha sauti hadi sifuri. Ikipungua pamoja na kifundo, inazaliwa kabla yake, kwenye hatua za mwanzo. Isipobadilika hata kidogo, inazaliwa baada yake: kwenye hatua ya nguvu, ile inayoisukuma spika, au kwenye umeme unaoilisha amplifaya nzima. Kama kuna kifundo cha pili cha sauti, kile cha masta (Master), rudia jaribio kwa hicho. Kwa vifundo viwili na masikio yako umeshajua kosa liko nusu ipi ya mashine, na hujafungua skrubu hata moja.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha valvu mbili nzima katika amplifaya yangu kwa sababu ya mtatariko uliokuwa ukinikera. Uliendelea vilevile. Kosa lilikuwa kwenye plagi ya kebo: ukiikunja kidogo karibu na shingo inatatarika, ukiinyoosha inanyamaza. Tangu siku hiyo kebo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

2. Kelele kiasi gani ni ya kawaida?

Hakuna amplifaya bubu. Ukiongeza geini (kiasi cha kukuza sauti) sana utasikia «shhh» kama mvua ya mbali, kwa sababu kila rezista (kipande kinachokinza umeme) yenye joto hutoa kelele ndogo ya umeme, na amplifaya kazi yake ni kukuza kila inachopewa. Mvumo hafifu unaousikia ukiweka sikio kwenye spika, kisha unapotea ukisogea hatua mbili, uache. Cha kukushtua ni mabadiliko: kelele ambayo wiki jana haikuwepo, au inayokua kadiri amplifaya inavyopata joto.

3. Naweza kuifungua mwenyewe?

Ya valvu, hapana, kama hujafundishwa. Ndani yake mna umeme wa volti 300 hadi 500, na kapasita kubwa, vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kuzima swichi si usalama. Mtu akikwambia ugusishe bisibisi kwenye kapasita uumalize umeme kwa cheche, usimfuate: mafundi huutoa umeme taratibu kupitia rezista, kisha wanahakikisha kwa mita kabla ya kuweka mkono.

Kazi usizohitaji kufungua boksi la umeme ni nyingi: kebo, jeki kwa nje, spika, na valvu zenyewe kama zinafikika kwa nyuma. Kwa valvu, zima amplifaya, chomoa waya wa umeme, subiri zipoe.

## Mvumo

4. Nitajuaje mvumo wangu ni wa aina gani?

Tumia gitaa lako kama kipimo. Umeme wa ukutani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, na 60 katika nyingine kama Marekani. Amplifaya ikishaunyoosha umeme huo kuwa wa mkondo mmoja, mabaki yake huvuma mara mbili zaidi: 100 au 120.

Sasa shika uzi mnene kabisa, freti ya tatu. Hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo ukilingana na noti hiyo au kuipita kwa unywele, uko kwenye 100: shuku kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo hukauka kadiri miaka inavyopita. Palipo na umeme wa 60, noti yako iko kati ya freti ya sita na ya saba ya uzi huo huo. Mvumo ukiwa chini zaidi, oktava nzima chini ya hapo, unatoka kwenye umeme ambao haujanyooshwa: kitanzi cha ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini (swali la 7), pikapu za gitaa, zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi (swali la 6), au nyaya za kupasha moto valvu.

Dalili nyingine ya kapasita zilizochoka ni noti za mzimu. Unapiga noti juu, na chini yake inasikika noti nyingine isiyo kwenye ufunguo wowote unaoujua. Hapo usibadilishe pedali, mpelekee fundi.

5. Kwa nini mvumo unapungua nikigusa nyuzi?

Kwa sababu mwili wako unaokota kelele za chumba na kuzipeleka kwenye gitaa, na ukigusa nyuzi, ambazo zimeunganishwa na ethi, unaacha kuwa antena. Hali hiyo ni ya kawaida kwa magitaa mengi. Kulifunika tumbo la gitaa kwa foili ya shaba iliyounganishwa na ethi hupunguza sana.

Ikiwa kinyume chake, mvumo *unaongezeka* unapogusa nyuzi au chuma cha jeki, kuna waya uliounganishwa vibaya: aidha ndani ya gitaa nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi, au ethi ya nyuzi imekatika. Na kama unahisi msisimko wa umeme vidoleni au midomo ikigusa maikrofoni, hilo si suala la kelele tena. Zima, soma swali la 7, na usipige tena mpaka lipatiwe jibu.

6. Mvumo unabadilika nikigeuka na gitaa. Amplifaya imeharibika?

Haijaharibika. Pikapu zenye koili moja huokota sumaku ya transfoma, taa na nyaya za ukutani, na huokota zaidi zikielekea upande fulani. Geuka taratibu ukiwa umekaa hadi upate pembe yenye utulivu, halafu weka kiti hapo. Sogea mbali na amplifaya yenyewe pia, maana transfoma yake ni chanzo kikubwa kuliko taa yoyote.

Tatizo hili ndilo lililozaa pikapu ya koili mbili zinazopingana. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza yake mwaka 1955. Mvumo unaingia koili zote mbili lakini unakutana na kinyume chake na kufa, sauti ya nyuzi inabaki.

Taa za kupunguzwa mwanga kwa kifundo huleta mlio mkali zaidi, kama nyuki aliyekasirika. Zima taa usikie.

7. Nikiunganisha amplifaya mbili, au kompyuta, mvumo unalipuka. Nikate ethi ya moja?

Usikate. Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Kinachotokea ni hiki: kila kifaa kina njia yake ya ethi ukutani, na kebo yako ya sauti inaviunganisha tena kwa njia ya pili. Duara hilo la waya huokota umeme wa chumba, na vifaa viwili havikubaliani sifuri iko wapi. Ukikata ethi ya ukutani duara linavunjika na mvumo unakwisha, kwa hiyo watu hudhani wametibu. Lakini siku waya wa moto ukigusa bati la amplifaya hiyo, hakuna tena njia ya kuukimbiza umeme wala kukata fyuzi. Unapita kwenye nyuzi, kwenye mkono wako, na kutokea kwenye maikrofoni iliyo mbele ya mdomo.

Livunje duara upande wa sauti. Kisanduku cha kugawa gitaa kwa amplifaya mbili chenye transfoma ndogo ndani kinafanya kazi hiyo bila hatari. Kabla ya kukinunua, jaribu kuchomeka kila kitu kwenye soketi moja ya ukutani. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Kwa kompyuta ndogo, jaribu kuchomoa chaja yake na kutumia betri. Mvumo ukifa papo hapo, umeshamjua mwizi.

8. Bila pedali kimya, na pedali kelele. Ipi?

Ingiza moja moja. Ikiwa kila moja peke yake ni tulivu lakini zikiwa pamoja kuna mluzi mwembamba, tatizo ni kuzilisha zote kwa adapta moja yenye mnyororo wa plagi. Pedali za kidijitali hutupa uchafu wao kwenye waya huo na pedali za geini zinaukuza. Adapta yenye matundu yaliyotenganishwa kila moja na yake huumaliza. Jaribio la bure: ilishe pedali unayoishuku kwa betri ya volti 9, kama inakubali betri, usikilize tofauti.

Pedali ya geini uliyoiweka mwisho wa mstari hukuza kelele za zote zilizotangulia. Hilo ni suala la mpangilio, halina ugonjwa.

## Mitatariko, mikwaruzo na miluzi

9. Kifundo kinakwaruza ninapokizungusha.

Vumbi na kutu kwenye njia ya ndani. Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, kidogo, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Dawa yenye mafuta ya kulainisha injini haifai hapa.

Kifundo kikirudi kukwaruza baada ya siku chache, na kila ukikigusa spika inaruka mbele na nyuma, kisafishaji hakina kosa. Kuna kapasita inayovujisha umeme wa mkondo mmoja hadi kwenye kifundo. Hiyo ni kazi ya fundi.

10. Inatatarika yenyewe hata bila kuchomeka kitu.

Kama mafuta ya kukaangia yaliyodondoshewa maji. Sababu ninazozikuta kwa mpangilio: valvu iliyochoka, miguu ya valvu au soketi yake iliyochafuka, lehemu iliyopasuka, na katika amplifaya za zamani rezista za kaboni kwenye anodi (bati la valvu), mara nyingi za kiloomu 100 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Badilisha valvu za mwanzo moja moja kwa moja unayoiamini. Mtatariko ukihama nayo, umempata. Ukibaki mahali pake, tatizo limo ndani ya boksi.

11. Ikiongezwa sauti inapiga mluzi, au inalia kama kengele.

Valvu hiyo imekuwa maikrofoni. Vipande vyake vya ndani vimelegea, vinatikiswa na spika, mtikisiko unakuzwa, unarudi kuvitikisa tena. Amplifaya ikiwa imewashwa kwa sauti ya wastani, gonga kila valvu ndogo taratibu kwa kichwa cha penseli ya mbao. Zote zitasikika kidogo. Mbovu italia «ngiii» na kuendelea baada ya penseli kuondoka. Anza na iliyo karibu zaidi na jeki ya gitaa, maana sauti yake inakuzwa kuliko zote.

Majina yasikuchanganye: 12AX7 na ECC83 ni valvu ile ile, moja kwa mtindo wa Kimarekani, nyingine kwa wa Ulaya. Valvu hizi ndogo hazihitaji kurekebishiwa chochote zikibadilishwa. Zile kubwa za nguvu ni habari nyingine, tazama swali la 16.

Mluzi unaokoma unapofunga sauti ya gitaa si wa valvu. Ni pikapu inayosikia spika. Sogea mbali.

12. Nasikia redio ndani ya amplifaya!

Huna mashetani. Kebo imekuwa antena, na muungano mchafu au hatua ya kwanza ya amplifaya inafanya kazi ya kuichambua stesheni, kama redio za kwanza kabisa zilivyofanya. Jaribu kebo nyingine fupi yenye kifuniko kizuri cha waya, safisha jeki. Ikiendelea, fundi ataangalia rezista iliyo mlangoni mwa valvu ya kwanza, kwa kawaida kiloomu 68, ambayo moja ya kazi zake ni kuzuia redio isiingie.

Ule mlio wa «dit-dididit» ni simu ya mtandao wa zamani wa 2G, inayotuma mawimbi kwa vipande karibu mara 217 kwa sekunde. Iondoe kwenye amplifaya, isilale juu yake.

13. Inapiga «put-put-put» kama injini ya boti.

Hatua moja inaizungumzia nyingine kupitia umeme unaozilisha zote, kwa sababu kapasita ya kuzitenganisha imekufa. Usiendelee kupiga.

## Sauti inapotea, inapasuka, inakufa

14. Sauti inashuka ghafla, nikiipiga kofi inarudi.

Kofi ni kipimo kizuri na matibabu mabaya. Kabla ya kumtafuta fundi, kama amplifaya ina jeki zilizoandikwa Send na Return nyuma (za kupeleka sauti kwenye pedali na kuirudisha), chukua kebo fupi uziunganishe. Sauti ikirudi na kutulia, kijiswichi cha ndani ya jeki ya Return kimepata kutu. Jeki hizo hukaa miaka bila kuguswa, na sauti yote ya amplifaya inapita hapo. Chomeka na kuchomoa plagi mara kumi na dawa kidogo ya kusafishia. Nimeona amplifaya zikiuzwa kama mbovu kwa sababu ya hiki kitu tu.

Isiporudi, shuku lehemu. Jeki ya gitaa iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi hupasuka polepole kwa kuvutwa na kebo, na ufa wake ni duara jembamba kama unywele kuzunguka mguu. Inayokufa baada ya dakika ishirini za joto na kufufuka ikipoa ina ugonjwa huo huo, au feni yake imejaa vumbi.

15. Ni spika au ni amplifaya?

Unganisha spika nyingine yenye omu zile zile. Sauti ikisafika, spika ndiyo mbovu. Kisha, ikiwa imezimwa, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni na uisukume sawasawa kidogo sana. Isisuguane na chochote. Ukisikia kama karatasi ya msasa, koili yake inagusa sumaku. Kwa mita, spika ya omu 8 husoma takriban 6 hadi 7, usishtuke.

Na kabla ya kuilaumu, kaza skrubu zote, mpini wa kubebea na bati la nyuma. «Spika iliyopasuka» nyingi ni skrubu iliyolegea inayoimba kwenye noti moja tu. Piga noti polepole moja baada ya nyingine hadi uipate, halafu gusa boksi kwa kiganja huku na huku mpaka inyamaze.

16. Valvu zangu za nguvu zina rangi. Ni hatari?

Rangi ya machungwa ya waya wa kati, vizuri. Mng'ao wa buluu kwenye kioo, wa kawaida. Zambarau inayojaa katikati ya vipande inaashiria gesi imeingia. Doa la rangi ya fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Bati la nje la valvu likiwa jekundu kama mkaa, zima sasa hivi, hata katikati ya wimbo. Inapitisha umeme kuliko uwezo wake. Huenda bayasi, ile volti inayodhibiti umeme unaopita kwenye valvu, imepotea, au kapasita inavuja. Kuweka valvu mpya bila kutafuta sababu ni kuzichoma nazo. Valvu za nguvu hubadilishwa kwa jozi zilizolinganishwa, na amplifaya nyingi zinahitaji bayasi ipimwe upya.

17. Fyuzi inakatika kila nikiiwasha. Niweke kubwa zaidi?

Fyuzi kubwa itaiacha transfoma ikatike badala yake, na transfoma ndiyo sehemu ghali kuliko zote humo. Weka ya thamani ile ile na aina ile ile. Herufi T ina maana ya ile inayovumilia mshtuko wa kuwasha. Ikikatika tena, toa valvu za nguvu na ujaribu mara moja. Ikidumu, moja ya valvu hizo ina shoti. Isipodumu, kosa liko kwenye transfoma, kinyoosha-umeme au kapasita.

18. Ya transista inavuma kwa nguvu na koni ya spika imesukumwa nje.

Chomoa spika haraka. Transista za mwisho zimepata shoti na zinaisukuma spika kwa umeme wa mkondo mmoja. Dakika moja inatosha kuiunguza.

## Mambo ya pembeni

19. Nikiiwasha ya valvu bila spika itakuwaje?

Transfoma ya kutoa sauti inabaki bila mzigo, volti zinapanda ndani yake na zinaweza kuruka na kuchoma waya wake au soketi za valvu. Zile za transista nyingi huvumilia kukosa spika lakini huchukia omu pungufu. Ni kinyume kabisa, na ndiyo maana ushauri wa mwenye transista usimsaidie mwenye valvu.

Kebo ya gitaa nayo isitumike kwa spika. Waya wake wa ndani ni mwembamba mno, unapata joto, na ukipata shoti unaiua amplifaya. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo zitie alama.

20. Pedali ya kuziba kelele itanisaidia?

Itaziba kelele usipopiga. Ukipiga, kelele ipo pale pale chini ya noti. Kwa geini kubwa yenye «shhh» ya asili ni sawa. Kwa kapasita inayokufa unafunika tu.

21. Imekaa kabatini miaka mingi. Niiwashe tu?

Usiiwashe moja kwa moja. Kapasita zilizolala muda mrefu hupoteza ngozi yake ya ndani na zinaweza kupasuka zikipewa umeme wote kwa mkupuo. Fundi huiwasha kupitia balbu ya zamani ya waya iliyounganishwa kwa mfululizo: balbu ikimulika kisha ikafifia, kapasita zinajaa vizuri, ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu ndiyo inayoubeba umeme huo badala ya transfoma.

22. Nimwambie nini fundi?

Mwambie kelele inafananaje, inaanza baada ya dakika ngapi, inafuata kifundo kipi, na ulichokwisha jaribu katika swali la 1. Irekodi kwa simu, maana kelele ina tabia ya kunyamaza ikifika kwa fundi. Mpelekee na kebo na pedali zako zote.